Nyusi za Koultoumi

Kosa la Koultoumi, kama ni kosa, lilikuwa kuonyesha uso. Na wala si yeye aliyeamua! Mwaka ule wa sabini na saba serikali ya mapinduzi ilitaka wanawake watembee nyuso wazi, na vijana wa kamati zake walizunguka vichochoro vya Mutsamudu kuhakikisha. Basi Koultoumi akaishusha mabegani shiromani yake, lile shuka la kujifunika kichwa na uso, na mji mzima ukaona kuwa nyusi zake zimepukutika. Vimebaki vijinywele karibu na pua. Kuelekea masikioni, ngozi tupu.

Haya, watazame watu sasa. Hakuna aliyemuuliza, "Dada, unaumwa?" Walisema tu: ukoma. Kisiwani pale kila mtu amewahi kumwona mkoma asiye na nyusi, kwa hiyo kila asiye na nyusi ni mkoma, basi, imekwisha! Bi Loutfia, ambaye mwanawe Rachadi alikuwa amwoe Kamaria, binti wa pekee wa Koultoumi, alikuja asubuhi, akakataa kiti, akakataa chai.

"Harusi ipo," alisema, "lakini mwanangu haingii nyumba yenye maradhi. Wewe uhame kabla mwezi haujaandama."

Jamani, nyumba ya nani? Huko bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe, na nyumba ile Koultoumi alimjengea bintiye kwa miaka kumi na sita, ukuta baada ya ukuta, kwa kushona nguo za watu. Leo mgeni anamfukuza mwenyeji! Koultoumi akashika kiuno.

"Bi Loutfia, uso huu ni wangu na mlango huu ni wangu. Nakwenda Moroni kupimwa. Nikirudi, utanitazama machoni."

Kamaria alikuwa kando, akikunja na kukunjua kitambaa. Mama mtu alidhani ni haya ya bibi harusi.

Akapanda ndege kwenye uwanja wa Ouani, akavuka bahari hadi mji mkuu. Kwenye zahanati moja ya Moroni alimkuta Zaitoun, muuguzi wa ngozi, mwanamke asiye na subira na upuuzi. Zaitoun alimwambia afumbe macho, akamgusa kwa pamba kwenye paji, mashavu, vidole. Kila mguso Koultoumi aliuhisi, wala hapakuwa na ganzi ya ukoma. Akamkagua mgongo akitafuta mabaka, akapapasa mishipa ya viwiko. Hakuna kitu. Kisha akamshika shingo.

"Unasikia baridi wenzako wakitoka jasho?"

"Ndiyo. Na usingizi haunitoki. Sauti nayo imekwaruza."

"Tezi yako ya shingo imelegea, mama. Ikilegea, nyusi huanza kupukutika huku pembeni. Kuna wanaozing'oa tangu usichana mpaka zinachoka kuota, kuna ukurutu, kuna uzee tu. Nani amekwambia ukoma?"

"Mji mzima."

Zaitoun akafyonya. "Huo mji wako umesomea udaktari wapi? Na hata ungekuwa ukoma, una dawa, hutibiwa. Hakuna anayestahili kufukuzwa kwake kwa ajili hiyo!"

Daktari naye akampima, akakubali, akaandika vidonge vya tezi na karatasi ya Kifaransa yenye mhuri. Zaitoun alimwonya asisugue kitunguu wala asinyoe akidhani zitaota nene. Ameze dawa yake kila siku, na nyusi azipe miezi. Koultoumi alitoka pale amenyooka mgongo.

Alirudi Mutsamudu moja kwa moja nyumbani, hakupita hata kwa Loutfia. Jikoni akaona sahani yake, kikombe chake na kijiko chake vimefungwa uzi mwekundu, vimewekwa sakafuni mbali na vyombo vingine. Mkeka wake umetupwa nje uani. Loutfia hakuwa na ufunguo wa nyumba ile.

Kamaria akatokea mlangoni. Koultoumi akampa karatasi aisome, maana yeye Kifaransa hakukisoma. Binti aliisoma mara mbili, kisha akamrukia shingoni.

"Alhamdulillahi, mama! Si ukoma! Nitamwambia mama Rachadi leo hii, utakaa hapa hapa!"

Koultoumi akaiondoa mikono ile shingoni mwake, mmoja kwanza, kisha wa pili.

"Loutfia ni mtu baki, sina neno naye," alisema. "Lakini wewe, Kamaria, niliyekubeba tumboni, nawe ulikuwa unangoja karatasi?"