Kuku wa Mama na Jua la Sikonge

Harufu ya manyoya yaliyopata joto huniudhi mpaka leo. Nikifungua kreti za kuku hapa kwangu Ipuli, mjini Tabora, hata wakiwa wazima wote, mara najikuta juu ya lori la tumbaku, mtoto wa darasa la nne, jua limesimama utosini.

Mama yangu alifuga kuku kule Ipole. Aliwachimbia mchwa, akawafukuzia mwewe, akawaita kwa mlio ambao sijasikia mtu mwingine akiutoa. Kuku wale ndio walikuwa shule yangu. Kijijini kwetu masomo yaliishia darasa la nne. Wakifika Tabora wazima wakauzwa, ningekaa kwa shangazi na kuendelea hukohuko. Wakifa, ndiyo basi.

Siku ya safari hakuwapa hata punje, maji tu, maana kuku aliyeshiba hupata joto upesi. Akawapanga kwenye matenga kwa nafasi, akamwambia baba, "Msisimame njiani, baba Tatu. Lori likienda wanapata upepo. Likisimama wanaiva."

Kuku hana jasho, ndugu yangu. Joto lake hulitoa kwa kuhema, mdomo wazi.

Tulipofika Sikonge lori likakata kona, likasimama mbele ya nyumba ya bati. Baba akashuka, akafungua tenga, akamtoa jogoo mwekundu aliyewapita wote kwa ukubwa. "Nyumba ya watu haiingiwi mikono mitupu," akaniambia. Tukaingia. Shikamoo, marahaba, za kwenu, za mvua, za tumbaku. Salamu za Kinyamwezi hazikimbizwi. Binti wa nyumba ile akaleta maji ya kunawa, akapiga magoti mbele ya baba. Jogoo naye akafungwa mguu kivulini, akawekewa maji.

Dereva alikuwa anakula huku anacheka peke yake. "Mzee, naona mzinga huu una asali."

"Kula, wewe. Lori unaliendesha kwa mdomo?"

Nje nilisikia matenga yanahema kama mvukuto wa mhunzi. Halafu sauti ikafifia. Nikamnong'oneza, "Baba, kuku wamenyamaza."

"Wamelala. Kaa vizuri, usituaibishe."

Ugali ukaongezwa. Akala na ule.

Tulipotoka nilitia mkono tengani. Shingo zilining'inia kama matambara yaliyotoka kwenye maji ya moto. Wachache walikuwa bado wanapepesa macho, lakini Tabora hawakuiona. Baba akawatupa porini wote, akalilaani jua. "Jua la mwaka huu halina adabu," alisema.

Tuliporudi Ipole, mama hakulia. Aliniuliza mimi, baba hakumwuliza. "Mlisimama kwa nani?"

Nikamwambia habari za nyumba ya bati na binti aliyeleta maji. Akachukua ufagio, akaenda kufagia banda tupu. Nilidhani anawasikitikia kuku.

Shule yangu ikaishia hapo. Leo nina mabanda yangu, nimeyajenga kwa mikono hii. Kuku wangu wanasafiri kabla jua halijachomoza, na dereva akiniomba asimame anywe chai, namwambia chai ataikuta aendako. Wananiita mama roho ngumu. Waniite. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hayo ubaoni.

Baada ya mavuno yule binti aliingia kwetu, mke mdogo wa baba. Alikuja na mzigo kichwani, na kwapani amembeba jogoo mwekundu, amenona, manyoya yanang'aa. Mama akampokea mzigo, akamwonyesha pa kulala. Mimi, mjinga, nilirukaruka kwa furaha kwamba kuku wetu mmoja alipona.

Jogoo yule alituamsha kwa kuwika miaka yote aliyoishi. Nilikuwa nimeshazaa, na mume wangu ameoa mwingine juu yangu, ndipo nikaelewa kwa nini mama, aliyewachimbia kuku mchwa kwa kucha zake, hakuwahi kumtupia hata punje moja.