Shangazi na Mstari wa Kumi na Saba

Katika maktaba yetu ya umma kila mtu humwita Shangazi, hata mkurugenzi anayemzidi umri. Ndiye fundi wa mtandao. Chuo hakukanyaga, alianza kwa kupangusa vumbi kwenye kompyuta kumi na nne za chumba cha wasomaji, akaendelea mpaka akajua kila waya unakotoka na unakokwenda. Mimi nina shahada ya kompyuta, nakaa mapokezi, na nasema bila haya kwamba nusu ya ninachojua nimekipata kwake. Hapa ndipo mahali pekee mjini ambapo mtu asiye na kitu hutumia intaneti bure, na hiyo si fadhila, ni haki yake! Mlinzi wa haki hiyo ni mwanamke mwenye bisibisi mfukoni.

Kila anachobadilisha hukiandika kwanza kwenye daftari lenye jalada jekundu. Jumatatu ile saa tatu asubuhi alifungua ukuta wa moto, mashine inayoamua kipi kipite na kipi kisipite kwenye mtandao wetu, asafishe orodha yake ya kanuni. Mstari wa kumi na saba haukuwa na maelezo hata neno moja.

"Mjinga gani anaandika kanuni halafu hasemi ni ya nini?" alifoka. Akainakili daftarini, akaifuta.

Saa tano na nusu kelele zikaanza. Mshonaji mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa anajaza maombi ya chuo cha uuguzi, na mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita kamili.

"Shangazi, nabonyeza 'tuma' haiendi! Mwaka jana nilichelewa, mwaka huu tena?"

"Huchelewi, mwanangu. Usiufunge huo ukurasa."

"Tuzime kila kitu tuwashe upya," nikasema.

"Wewe na shahada yako! Fomu yake ikifutika utaijaza wewe? Kwanza tuiulize mashine inaumwa wapi."

Akaita kompyuta ya mbali kwa namba yake. Ikajibu. Akaiita hiyohiyo kwa jina. Kimya.

"Namba inapita, jina halipiti," alisema. "Njia ni nzima, ila tumepoteza kitabu cha simu."

Nikamwelewa. Mtu akiandika jina la tovuti, kompyuta huuliza kwanza jina hilo ni namba gani. "Basi mlango wa kuulizia umefungwa," nikasema. Asubuhi hatukugutuka kwa sababu kompyuta zilikuwa bado zinakumbuka majibu ya zamani.

"Nani kaufunga?" aliuliza dereva mstaafu, ambaye husoma magazeti yake pale kila siku.

"Mimi, mzee wangu. Umeridhika?"

Akafungua daftari, akairudisha kanuni. Akaita jina. Kimya bado. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na mbili, na mshonaji alikuwa ameshika kichwa.

Nikasogea kwenye skrini. Mashine husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ile iliyorudi ilikuwa imekaa mwisho kabisa, chini ya ile inayosema "kingine chochote, zuia".

"Shangazi, umeiweka nyuma ya kufuli."

"Ebo!" Akaipandisha mpaka mstari wa kumi na saba. "Haya mama, bonyeza!"

Mshonaji akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka tena, kisha skrini ikaandika: Maombi yamepokelewa. Alipiga kigelegele ndani ya maktaba, na hakuna aliyemnyamazisha.

Shangazi akavuta droo, akatoa daftari la miaka sita nyuma. Akafunua, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa mwandiko wake mwenyewe: "Kanuni ya 17. Maelezo nitaandika kesho."

"Yule mjinga kapatikana?" dereva aliuliza.

"Kapatikana. Leo ananunua chai ya chumba kizima."

Kabla ya kwenda kuinunua, alikaa akaandika maelezo ya mstari ule: "Kompyuta kuulizia majina. Usifute. Hasa wewe, Shangazi."