Shikamoo Iliyohamia Mwisho

Kwenye kaunta ya duka la pembejeo pale Katesh, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine alikuwa anamwambia muuzaji kwamba anafunga blogu yake ya kilimo. "Naandika kila wiki, hakuna anayesoma."

Bibi mmoja mkulima wa Mogitu, aliyekuwa akisubiri mbegu, akageuka. "Kumbe ni wewe!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi naifungua hiyo blogu yako, ila unaanza na shikamoo kwa wazee, viongozi, wazazi, halafu picha yako kubwa umevaa tai. Bando linaisha sijafika kwenye maharage!"

Mwalimu akashika kichwa. "Niliogopa kuonekana sina adabu."

"Anza na maharage. Salamu weka mwisho."

Jumamosi iliyofuata nilimkuta bibi yuleyule dukani, simu mkononi, akiwasomea wakulima wanne jinsi ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe. Mmoja alikuwa ananakili kiganjani. Bibi alipofika mstari wa mwisho, akaisogeza simu mdomoni na kuijibu kwa sauti: "Marahaba, mwalimu!"

Duka zima likapiga makofi. Mimi nilipiga kwa wivu kidogo. Miaka yote naandika safu hii, hakuna aliyewahi kuniitikia.