Umri wa Kwenye Pasipoti

Petroli ya boti na udi wa madam: harufu hizo mbili zikikutana, hadi leo huinuka nikaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Pasipoti yangu ilisema ishirini na mitano, kwa sababu wakala wa Mombasa aliyenipeleka Uarabuni kufanya kazi za ndani aliniongezea tisa kwa wepesi wa mtu anayetia chumvi mchuzini, kisha akanionya kwamba nikitaja umri wangu wa kweli nitafungwa. Kiangazi hicho madam wangu wa Riyadh alikwenda Jeddah kwa dada yake, akanichukua, na siku moja wakakodi boti kuzuru visiwa vitatu.

Kuzuru, ndivyo walivyoita. Kisiwa cha kwanza, mimi na Mwanaisha, mfanyakazi wa yule dada, tulishusha zulia, viti, birika za kahawa na gunia la mkaa. Wenyewe wakapiga picha, wakalilaumu jua, tukapakia tena. Cha pili, hivyo hivyo. Watu waliojikodia bahari nzima hawakulowesha hata kidole. Binti ya madam, Rim, alikuwa na miaka kumi na sita kama mimi, na mimi ndiye niliyemmenyea machungwa na kumfungia kamba za viatu. "Bado mtoto," madam alinieleza, wala hakuona haya.

Cha tatu kilikuwa fungu la mchanga tu. Walituacha na mizigo, wakaenda na boti kutafuta pomboo. Mwanaisha, mtoto wa Kilifi aliyenizidi mwaka mmoja, akaokota kauri kumi na mbili, akafukua kishimo, tukaanza mdako. Unarusha kauri moja juu, unachota nyingine kishimoni, unaidaka ile kabla haijaanguka. Tulidanganyana, tukagombana, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Katika miaka yangu miwili kule, hiyo ndiyo saa pekee niliyokuwa na umri wangu. Hatukuisikia boti ikirudi.

Madam alisimama mbele yetu. Akakitazama kishimo, akanitazama usoni.

"Wewe una miaka mingapi hasa?"

Ningesema kweli, huenda ningerudishwa kwa mama. Huenda ningelala korokoroni.

"Mwambie, mdogo wangu," Mwanaisha akaninong'oneza. "Angalau mmoja wetu aende kwao."

"Kumi na sita, madam."

Aliniamini, nilimwona akiniamini. Kisha akakunja mwavuli wake. "Pasipoti inasema ishirini na mitano. Halas, yameisha. Yalla, pakieni."

Tukapakia. Kauri zilibaki kishimoni.

Mwaka huu nimetimiza ishirini na mitano ya kweli. Nilisimama mbele ya kioo na pasipoti ile ya zamani mkononi. Kiooni kuna mwanamke, mama wa mtoto mmoja. Kwenye picha kuna kitoto chenye mashavu, kola ya shati imekizidi shingo. Kwa miaka yote hii nilimpa madam udhuru kwamba pengine alichanganyikiwa na karatasi. Leo simpi. Rim naye ametimiza ishirini na mitano. Natumai amejua kufunga viatu.