Nimeshiba, Mwalimu

Jumatano iliyopita, kabla ya adhuhuri, lori la mbao lililotoka njia ya Msata lilisimama mbele ya cherehani yangu. Dereva akashuka, akavua kofia, akaniambia: "Fundi, yule mwalimu wenu wa watoto wadogo hatunaye. Kafia kwao Unyamwezi, na kuzikwa kashazikwa." Nikazuia gurudumu la cherehani kwa mkono, nikamwombea marehemu. Kisha nikaendelea kushona, kwa kuwa kanzu ile ilikuwa ya harusi na mwenye harusi hakuwa na kosa lolote. Usiku nilipokaa kuwaandikia ninyi wasomaji wangu nilidhani maneno yatakuja ya huzuni. Hayakuja hivyo. Kila nikimkumbuka mtu yule moyo unanienda mbio kama ulivyokuwa ukienda siku zile, na sioni sababu ya kuwaficha.

Hakuwa rafiki yangu wa kushibana. Nilimshonea kaptula, naye alikuwa na binti yangu darasani, basi. Alikuwa mrefu, mwembamba, asiyejua kukaa kitako, akitembea kama mtu aliyebeba habari njema na anaogopa zitapoa njiani. Akipita ng'ambo ya barabara hupaza sauti: "Fundi! Leo wamejua herufi saba!" Nami huuliza, "Nani kajua?" Naye hujibu akiwa ameshapita, "Wote!" Wazee wetu wa huku Kaole, kwa utani wetu na Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi wa misafara zamani, hawakumwacha apite bure. "We Mnyamwezi, mzigo umeutua wapi leo?" Naye bila kusimama: "Nimeutua kwenu, wazee wangu, ndio huu naufundisha kusoma!" Wakacheka wakaridhika, maana mtani asiyejibu hana ladha.

Alipewa darasa la kwanza, kwenye kibanda cha makuti kando ya shule, na si kazi ambayo walimu wengine waliigombania. Watoto wetu huamka alfajiri wakaenda chuoni kwanza, wakasoma Kurani mpaka jua litoke, ndipo wakaja shule. Tumboni, mwenye bahati ana kipande cha muhogo wa jana. Jua likipanda kidogo vichwa vinaanza kuinama, kimoja baada ya kimoja, na mwalimu anabaki akiufundisha ukuta. Yeye aliliona hilo wiki ya kwanza. Akaisumbua ofisi ya wilaya mpaka ikampa gunia la unga, kwa onyo kwamba watoto wasipoutaka utapelekwa shule nyingine yenye watoto wanaoutaka.

Hapa niseme la kwangu, msije mkaona naandika ya watu tu. Binti yangu alikuwa katika kibanda kile. Shangazi zake hawakutaka aende shule. Walisema msichana asomee nini, na mwishowe wakakubali kwa sharti moja, kwamba shule ikimrudisha ndiyo basi, hatatoka tena. Na mwalimu mkuu alikwisha tangaza kuwa mwisho wa muhula mkaguzi atakuja, na mtoto wa darasa la kwanza atakayeshindwa kufungua kinywa mbele yake atarudi nyumbani ampishe mwingine. Sasa binti yangu yule nyumbani hakuachii neno. Atakueleza paka alilala wapi na jirani kapika nini. Lakini shuleni, tangu siku aliyoingia, alikuwa hajasema hata "nipo" akiitwa jina. Nilikuwa nikishona na huku nahesabu Ijumaa zilizobaki.

Siku ya kwanza ya uji mwalimu alifurahi kama aliyepika mwenyewe karamu ya mwanawe. Akawapanga watoto mstari, akachota kikombe cha bati, akamkabidhi wa kwanza. Mtoto akarudisha mikono nyuma, akasema kwa adabu: "Nimeshiba, mwalimu. Ahsante." Wa pili: "Nimeshiba, mwalimu. Ahsante." Ukaenda mstari mzima hivyo, hata mmoja ambaye tumbo lake lililia hadharani na wenzake wakalisikia. Uji ukapoa, ukafanya ngozi juu. Kesho yake vilevile. Mwalimu akawaita wazazi wamsaidie, akaja mama mmoja, akasimama mlangoni akamwambia mwanawe, "Kula, baba, mwalimu kasema." Kinywa kilisema hivyo, lakini jicho lilisema lake, na mtoto wa pwani anafuata jicho. "Nimeshiba, mama," akasema. Mama akamgeukia mwalimu: "Si umemsikia mwenyewe? Kashiba." Akaondoka zake kichwa juu, na kanga amejitanda vizuri kabisa.

Jioni mwalimu akaja kwangu akakaa kwenye benchi la wateja, jambo lisilo la kawaida yake.

"Fundi, wale ni watoto au ni mawe?"

"Si mawe, mwalimu. Wamefunzwa."

"Wamefunzwa kufa njaa mbele ya sufuria?"

"Wamefunzwa wasimtie mtu aibu. Kwetu mtoto akila kwa watu, mama yake huulizwa, kwani kwenu hakukupikwa?"

Akaniangalia. "Na wewe binti yako ukimuuliza asubuhi kala nini?"

"Atasema kashiba."

"Basi na mimi nimeshiba," akasema, akainuka akaenda zake. Hata kicheko hakuacha.

Zikapita siku chache, ikatokea hitima kwa jirani yangu, naye mwalimu akaalikwa kama watu wengine. Wanaume tulikaa barazani, na watoto wakatandikiwa mkeka uani, mbele yetu tunawaona. Yakaja masinia ya ubwabwa wa nazi, watoto wakazunguka watano watano, mmoja akasema bismillahi kwa sauti ya juu, na hapo wasomaji wangu mnajua yanayofuata. Ubwabwa ulikuwa unashuka katika masinia yale kama maji ya bahari yanavyotoka ufukoni. Mwalimu alikuwa na tonge mkononi. Akasimama nalo. "Kumbe wanakula!" akapiga kelele. "Jamani, watazameni! Wanakula!"

Watu wakainama kwa aibu, kwa kuwa hakuna kwetu lililo baya kama kutazama mwenzako anavyokula, seuze kutangaza. Bibi mmoja mpishi akatoka jikoni na mwiko wake. "We Mnyamwezi! Umekula ukashiba, sasa unatuhesabia matonge? Unataka kuwapimia na kodi?"

"Bibi yangu, nisamehe, shikamoo. Niambie kitu kimoja. Hawa hawa kwangu wote wameshiba. Mbona hapa hakuna aliyeshiba?"

Aliyejibu alikuwa binti yangu, kinywa kimejaa, bila hata kuinua kichwa, kama anayejibu swali la kipumbavu: "Kwani hapa kapewa nani?"

Mwalimu akacheka kicheko ambacho sijasikia mtu mzima akicheka hitimani, mpaka mzee mmoja akamvuta kanzu akakaa. Na ni kweli tupu aliyosema mtoto. Kikombe hupewa mtu mmoja, amesimama peke yake, macho ya wote yapo juu yake, kama masikini mlangoni. Sinia halipewi mtu. Linawekwa katikati, watu wakakaribishana, na anayekataa hapo ndiye anayekosa adabu. Sisi wenyeji tuliyajua hayo tangu tukiwa matumboni, lakini hakuna aliyeyawaza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza watoto wetu swali lile kwa sauti kubwa vile. Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Asubuhi iliyofuata alionekana akipita na masinia ya kuazima kichwani, matatu kwa mpigo, na wazee wakafurahi mno: "Leo kazi ya baba zake imemrudia!" Uji ukageuka ugali laini, na kunde zikatoka kwa akina mama walewale, maana sasa hakuna aliyeambiwa mwanao ana njaa, waliambiwa shuleni kuna shughuli, na shughuli kwetu kila mtu huja na chake. Mwalimu akatandika mkeka, akavua viatu, akakaa miongoni mwao na magoti yake marefu yakafika masikioni. Akasema bismillahi. Wakala. Nilikwenda kushuhudia kwa visingizio vya kupima kaptula, nikasimama nyuma ya ukuta wa makuti nikisikia vidole vikikwangua sinia, na nitasema ukweli, cherehani yangu siku ile ilikaa kimya mpaka jioni.

Wengine wangeishia hapo wakashukuru. Yeye alikuja usiku ule ule kunigongea, macho yanamng'aa. "Fundi, kusoma nako ni chakula! Mimi nilikuwa nawapa vikombe!" Sikumwelewa mara moja. Alitaka kusema hivi: alikuwa akimwita mtoto mmoja mbele ya wenzake ajibu, na mtoto aliyefunzwa asiseme mbele ya wakubwa hunyamaza, naye akimhesabu kuwa mzito. Kesho yake akaondoa utaratibu ule. Akaweka kibao cha kuandikia katikati ya mkeka kama linavyowekwa sinia, akawaketisha watoto watano watano, akasema, "Karibuni." Wakaanza: mmoja akadokoa herufi, mwenzake akaongeza, wa tatu akambishia, na kwa muda mfupi kibanda kizima kilikuwa kinavuma. Mwalimu mkuu alikuja mbio na fimbo akidhani ameingia nyoka. Akawakuta wanagombania neno "kunde." Kelele hazikumpendeza, akasema mkaguzi akisikia hivi tutafukuzwa sote. Lakini aliondoka polepole kuliko alivyokuja.

Siku hizi kila baraza ni habari za shule. Majirani zetu wa Zinga wanataka ya kwao, wa kwetu wanataka mabati badala ya makuti, na ni haki yao, nami nikitakiwa kuchanga nachanga. Lakini naona tunahesabu sana mabati. Mtoto wa miaka saba haji shule peke yake. Huja na jicho la mama yake, na njaa yake, na adabu aliyofunzwa tangu anatambaa. Ukimwambia ayaache yote hayo nje ndipo aingie, atakayeingia ni kivuli, na kivuli hakisomi. Mwalimu yule hakuing'oa adabu yetu wala hakuitukana. Aliichunguza mpaka akaona imeacha mlango gani wazi, akapita hapo. Nami nilichojifunza kwake ni kidogo na naweza kukisema kwa neno moja: haitoshi mtoto kuitwa shule, akaribishwe. Tukiwa na makuti na tukawakaribisha watasoma, na tukiwa na mabati tusiwakaribishe watatuambia wameshiba.

Imebaki siku ya mkaguzi. Mimi sikuwapo, nilikuwa kwenye cherehani, na mteja amekaa kwenye benchi anasubiri suruali yake, na mkono wangu ulikuwa umeshona mguu mmoja vibaya nikaufumua. Mara nikasikia mtu anakuja mbio. Alikuwa mwalimu, hana viatu, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Fundi! Mkaguzi aliwaita mbele!"

"Nani kaitwa?"

"Wote! Mmoja mmoja, kama zamani! Wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu binti yako. Kimya, kama maji ya mtungi! Mwalimu mkuu anatikisa kichwa, mkaguzi anafunga mkoba wake, mimi nakufa!"

"Kwa hiyo karudishwa?" Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

"Ngoja! Chakula kikaja. Wakakaa mkekani. Mkaguzi amesimama pale, suruali yake ya pasi, na wao wamekwisha nawa, na hakuna anayetia mkono. Hakuna! Binti yako akamtazama, akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja hivi: 'Karibu, bwana. Sogea, ipo nafasi.' Sauti kubwa, fundi! Mkaguzi hana la kufanya, akakaa!"

"Akakaa chini?" mteja wangu akauliza.

"Chini! Akala! Akimwaga kunde, mtoto anamwambia, 'Bwana, kunja kiganja.' Kisha mkaguzi akamuuliza, kwa utani tu, pale ubaoni kumeandikwa nini. Akasoma. Ubao mzima, mstari wa juu mpaka wa chini, na wenzake wakamdakia, wakasoma wote, na mwalimu mkuu anasoma nao! Mkaguzi kanawa mikono, kasema hakuna wa kurudishwa, na unga tuombe tena!"

Mteja alikuwa amesimama. Mimi nikainuka kumpa mkono wa shukrani. Mwalimu hakuungoja. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema, "Yarabi, nimeacha darasa peke yake na mkaguzi," akageuka akakimbia.