Mkono Uliofunga Mlango wa Saba

Msusi alikuwa akimfunga baba yake bandeji mpya, na baba akauliza tena kama bandeji haiwezi kuishia hapa, juu kidogo ya kiungo, ili mpindo uonekane. Kidole chenyewe kilikuwa kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kilipinda kuelekea nje tangu alipokipiga nyundo angali anajifunza useremala. Sasa ncha yake ilikuwa nyeusi. Sukari ilikuwa imekitafuna kimyakimya, na daktari alishakata kauli: kesho asubuhi kinaondolewa kabla hakijauharibu mkono mzima.

"Kidole hiki sikililii," alisema baba. "Nimeishi nacho kimepinda, nitaishi bila hicho. Ila wakishakikata, nitabaki na maneno matupu."

Maneno yenyewe mtaa mzima uliyajua. Kabla msusi hajazaliwa, watu wa sinema walikuja wakakodi ghala lililoachwa nyuma ya stesheni ya reli, wakatengeneza humo filamu ya chombo cha angani iitwayo Milango ya Zohali. Baba, wakati huo kijana mwenye randa yake mwenyewe, aliajiriwa kuunda milango ya chombo hicho: mbao nyepesi zilizopakwa rangi ya fedha hata ukaapa ni chuma. Filamu ilitoka, ikasahauliwa, kisha ikapendwa upya na watu ambao hawakuwepo duniani ilipotengenezwa. Na kila ilipotajwa, baba alisema ule mkono unaofunga mlango wa mwisho ni wake.

Walimcheka, wakambandika jina. Mkono, shikamoo. Mkono, mbona duka hujalifunga leo? Mama, mpaka anaiaga dunia, alimtetea mbele ya majirani na kumnyamazisha chumbani. Msusi alikulia katikati ya hayo mawili, utetezi wa sebuleni na ukimya wa chumbani, na hakuwahi kujua mama aliamini lipi. Aliitazama filamu hiyo tangu utotoni kama mtu anayetazama picha ya harusi ya wazazi wake akitafuta sura yake mwenyewe. Alipofungua saluni, mashabiki wa filamu hiyo wakawa wanakutana humo kila Jumapili mchana, siku ambayo hakuna mteja. Walijiita Watu wa Mlango.

Kisa cha filamu ni rahisi kusimulia na kigumu kukimaliza. Giza lenye uhai linaingia chomboni na kuigiza sauti za watu. Wenzake nahodha wanakufa mmoja mmoja, naye anarudi nyuma akifunga mlango mmoja baada ya mwingine. Mwishoni anasimama nje, ndani ya vazi lake la angani, akichungulia kupitia dirisha. Mlango wa saba uko wazi, giza linakuja, na humo ndani hakuna mtu tena. Hapo mkono mtupu, usio na glavu, unatokea pembeni, unaushika mpini, unauinua kidogo, kisha unausukuma mlango mpaka unafungika. Filamu inaishia hapo.

Mkono wa nani? Watu wa Mlango walikuwa wamezeeka na swali hilo. Wengine walisema ni giza lenyewe lililojifunza kuwa na mkono, na wengine wakasema ni nahodha aliyerudi kutoka wakati mwingine. Kule kuinua kabla ya kusukuma ndiko kulikowasumbua kabisa. Walikuita ishara. Walikuwa na maelezo yake mengi, kila moja zito kuliko lenzake, na wakaifanya salamu yao: hakuna aliyeingia saluni Jumapili bila kukishika kitasa, kukiinua kidogo, kisha kusukuma.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na mchana baba aliketi karibu na dirisha la saluni akiwatazama wakiingia. Hakuwahi kuja kwenye vikao vyao. Aliuliza kwa sauti ya chini wanafanya nini na mlango. Msusi alipomweleza, mzee alifunika mdomo, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Kisha kicheko kikamkatikia.

"Wanatumia mkono wa kulia," alisema.

Katika kanda za zamani, zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, ule mkono ulikuwa kivuli tu. Kila mtu aliuona alivyotaka. Lakini wiki hii msoma mita, mwanamke mmoja mpole ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba za watu akisoma mita za maji, alikuwa amepata nakala mpya, iliyosafishwa kutoka kwenye mikanda ya asili. Hakuna aliyekuwa ameitazama bado, kwa heshima ya kuitazama pamoja. Msusi ndiye aliyeomba baba yake asikilizwe leo, kwa kuwa kesho ingebaki nusu tu ya ushahidi. Tangu alipoomba, usingizi ulimpaa. Kama mzee alikuwa akiota miaka yote hii, yeye ndiye aliyemleta kuaibishwa, tena siku moja kabla ya kisu.

Kikundi kilikuwa na sheria yake. Mwenye madai huketi kwenye kiti cha saluni. Kiti hicho kimefungwa sakafuni kwa bolti, kikitazama kioo kikubwa cha ukutani, hivyo shuka la kuonyeshea picha hubaki nyuma ya mgongo wa anayeketi. Mwanzoni ilikuwa hivyo kwa sababu hakuna aliyeweza kukigeuza kiti. Baadaye wakaona ni busara: asiitazame picha moja kwa moja huku akitengeneza majibu. Mwenye madai husema kwanza, ndipo picha ionyeshwe. Madai yakianguka, jambo hilo halizungumzwi tena kikundini.

Anayehoji alikuwa Wakili. Hakuwa wakili wa kitu chochote, alikuwa muuza matairi, lakini jina lilimkaa kama kofia. Yeye aliamini mkono ule ni wa mpishi. Mpishi anaonekana mwanzoni tu, akikoroga sufuria huku mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa kwa sababu ya kuungua, na tangu hapo hatajwi wala haonyeshwi amekufa. Wakili alikuwa amelipigania hilo hadi baadhi ya rafiki zake wakamkwepa sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sisi hapa hatuna mdogo wala mkubwa. Nikikuuliza vibaya, usinichukie."

"Niulize. Mimi nimechekwa na watu wasiouliza."

Wakili akamtaka aueleze mkono. Baba akaunyanyua wake kutoka kwenye egemeo, akautazama kama anautazama mara ya mwisho, na kweli ilikuwa karibu na hivyo. Ni wa kushoto, alisema. Kidole cha mwisho kimepinda. Kwenye kifundo kuna alama nyeupe ya saa, maana walimwambia avue saa. Mvua ilinyesha siku nyingi, paa la ghala likavuja, mlango ukavimba, ukawa unakwama chini. Mwigizaji aliyetakiwa kuufunga aliusukuma akashindwa, akaondoka na hasira zake. Ndipo mkubwa wao akamwita seremala.

"Ule mlango ulitaka kuinuliwa kwanza," alisema baba. "Ukiusukuma tu, haufungi. Hiyo ndiyo ishara yenu."

Pacha mmoja, ambaye mwenzake hajawahi kuja kikundini, alicheka peke yake kisha akatazama chini. Watu hawapendi kuambiwa kwamba walichokuwa wakikiabudu ni mbao iliyolowa. Msusi alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya mabega ya baba yake, akahisi jinsi mifupa ilivyokuwa karibu na shati.

Msoma mita akafunga mapazia, akaipeleka filamu moja kwa moja hadi mwisho. Nahodha akachungulia. Giza likaja. Mkono ukatokea, na kwa mara ya kwanza haukuwa kivuli. Ulikuwa mkono wa mtu, wenye mishipa na vumbi la mbao kwenye kucha. Uliinua mpini. Msoma mita akaisimamisha picha hapohapo.

Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Kwenye kifundo kulikuwa na alama nyeupe ya saa.

Mtu mmoja akavuta pumzi. Msusi alihisi furaha ikimpanda kooni, na kabla haijafika mdomoni, Wakili akasema polepole, bila kejeli, "Lakini huo ni wa kulia."

Ulikuwa wa kulia. Kila aliyetazama shuka aliuona: kidole gumba upande huu, kidole kilichopinda upande ule. Nong'ono zikaanza. Pacha akasema kidole kilichopinda si ajabu, yeye mwenyewe anao jamaa wawili wa namna hiyo. Mwingine akadokeza, kwa adabu, kwamba mzee huenda aliwahi kuiona nakala nzuri zamani, akakumbuka vibaya upande. Wakili hakuhitaji kubishana. Mpishi hakuwa na mkono wa kushoto wa kutumia, na hapa palikuwa na wa kulia, waziwazi, mbele ya kila mtu. Alikuwa ameshinda vita vya maisha yake na alikaa kwa uangalifu kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.

"Baba," alisema msusi, "tuondoke?"

"Tuondoke kwa nini?" Mzee alionyesha mbele kwa kidevu. "Si huo hapo. Wa kushoto."

Msusi alidhani akili ya baba imeyumba. Kutoka nyuma aliona utosi tu, akainua macho kwenye kioo ili amwone usoni, kama anavyowatazama wateja wake siku nzima. Kwenye kioo aliona uso wa baba yake, mtulivu, na nyuma ya uso huo shuka, na kwenye shuka mkono. Mkono uliokuwa ndani ya kioo ulikuwa wa kushoto.

Bila shaka ungekuwa wa kushoto. Kioo hugeuza. Yeye msusi alijua hilo kuliko wote. Mzee alikuwa akitazama kioo na kujidanganya, na sasa ingebidi amwambie mbele ya watu. Akafungua mdomo. Ndipo jicho lake likaangukia pembeni mwa picha, juu ya mpini, mahali ambapo kwenye kanda za zamani palikuwa na ukungu tu. Palikuwa na namba ya mlango. Ndani ya kioo aliisoma bila shida.

Hakuthubutu kuyaamini macho yaliyokuwa yakitaka sana kuona. Akamwita Wakili.

"Kaka, njoo usimame hapa nilipo. Nisomee namba ya mlango kwenye kioo."

Wakili akaja shingo upande. Alitazama kioo. Akageuka, akatazama shuka. Akarudi kwenye kioo. Hakuna aliyemharakisha. Angeweza kusema haoni vizuri, au kwamba rangi imechubuka, na nusu ya chumba wangemkubalia, maana wengi walitaka mzee ashindwe ili fumbo lao libaki.

"Kwenye kioo ni saba," alisema Wakili. "Kwenye shuka saba imegeuka. Kichwa chake kinatazama upande usio wake."

Kisha akayamalizia mwenyewe, kama mtu anayefunga duka lake kwa mkono wake: picha hii iligeuzwa na watengenezaji. Mkono wa kweli ni wa kushoto.

Baba aliposikia akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kukieleza kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mvua ililainisha ukuta wa kulia, ikabidi bawaba zihamishiwe kushoto, na mkubwa wao alilalamika sana kwamba sasa mlango kwa ndani hautafanana na picha zilizokwisha kupigwa kwa nje. Bila shaka ndiyo sababu waliigeuza.

Mapazia yalifunguliwa. Hakuna aliyepiga makofi. Msoma mita alikuwa akifuta macho na kusingizia vumbi la shuka. Wakili akavuta kiti kidogo, akakaa karibu na magoti ya mzee.

"Walikuambia wewe ni nani?"

"Vipi mimi ni nani?"

"Humo ndani ya filamu. Mkono huo ni wa nani?"

Baba akafikiri. Alisema aliwahi kumuuliza mkubwa wao, naye akajibu kwamba hata yeye hajui, anachotaka ni mlango ufungwe kabla mvua haijarudi.

"Basi mpishi bado yumo," alisema Wakili, na chumba kizima kikamrukia kwa vicheko na ubishi, kila mtu na giza lake na nahodha wake, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, baba aliushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, kama mtu anayembeba ndege. Alisema, "Ulipotaka tuondoke, uliogopa."

"Niliogopa."

"Hata mimi. Waliposema wa kulia, nilijiuliza kama kweli nilikuwepo." Akatembea kidogo. "Mama yako angecheka."

Kesho yake kidole kiliondolewa bila tatizo. Jioni, saa ya kuona wagonjwa, msusi alikuwa amekaa kando ya kitanda akimmenyea baba chungwa, mzee akiwa bado mzito kwa dawa, bandeji imemfunika hadi kifundo. Mlango wa wodi ulikuwa mwepesi, wa kusukumwa tu, ungefunguka hata kwa upepo. Lakini ulisita. Kitasa kikainuliwa kidogo, kisha mlango ukasukumwa, akaingia Wakili akiwa na mfuko wa matunda. Ukafungwa. Kitasa kikainuliwa tena, akaingia msoma mita, kisha pacha, na wengine nyuma yake, mmoja mmoja, kila mmoja akiufunga ili anayefuata aufungue mwenyewe. Muuguzi aliwauliza kama wana wazimu.

Baba aliwahesabu kwa macho, na msusi akaona anachokitazama. Walikuwa wazito kidogo, hawajazoea, na mmoja alidondosha mfuko wake. Wote walitumia mkono wa kushoto.