Kengele Iliyozimwa Siku Tisa

Bi Waya alirudi kazini Jumatano, siku tisa baada ya kumzika mama yake, na kabla hajakaa akajua kuna mtu amegusa mitambo yake.

Hakuambiwa. Kiti kilikuwa kimeshushwa. Kwenye kioo cha kompyuta orodha yote ilikuwa ya kijani, mstari juu ya mstari. Tangu aajiriwe hajawahi kuiona hivyo. Siku zote ulikuwepo mmoja mwekundu, kama jino bovu.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mikono ya seremala. Alianza kwa kutengeneza redio za majirani, akaingia hospitali hii kama fundi umeme, kompyuta zilipokuja akazifuata. Jina la Waya walimpa wauguzi. Mfukoni hakosi kipande cha waya, na ukimgusa vibaya unapigwa shoti.

Hospitali ina kompyuta arobaini ambazo huwezi kuzishika. Ziko ndani ya mashine kubwa nne, kila moja imebeba kumi. Mafundi huziita mashine pepe. Moja ina rekodi za wagonjwa, nyingine picha za eksirei, nyingine hesabu ya damu. Kila robo saa programu moja, Bi Waya huiita mjumbe, huchukua kilichobadilika na kukipeleka jengo jipya ng'ambo ya barabara, kikae huko kama nakala. Juu ya zote yupo msimamizi, mtambo unaojua kila mashine iko wapi. Mjumbe hafanyi kitu bila kumuuliza msimamizi.

Kesho yake, Alhamisi saa kumi alasiri, chumba hiki cha zamani chenye zile mashine nne kilikuwa kizimwe na diski zake zifutwe. Hospitali nzima iendeshwe na zile nakala.

Bi Waya akafungua mstari mmoja wa kijani. Nakala ya mwisho: siku tisa zilizopita, saa nne asubuhi.

Akafungua wa pili. Saa nne asubuhi. Wa tatu, hivyo hivyo. Na msimamizi hakuwa tena chumba hiki; anwani yake ilikuwa ya jengo jipya.

Saa nne ya siku ile alikuwa amesimama juu ya udongo mbichi. Hasira zikampanda toka magotini.

Alimkuta mkuu wa idara ofisini anachonga penseli. Huyo kila mtu humwita Bwana Tayari, maana hajawahi kuulizwa jambo akasema bado.

"Umemhamisha msimamizi."

"Pole na msiba, dada."

"Nimeshapoa. Umemhamisha?"

"Tayari. Kazi safi. Nilikuhurumia, nikasema nikupunguzie mzigo."

"Tulikubaliana unisubiri."

"Ningekusubiri mpaka lini? Mambo yote kijani, umeona mwenyewe."

"Kijani umeipaka wewe. Nakala zilikwama, kengele zikalia, wewe ukazima kengele. Ukazisimamisha zote ili orodha isihesabu makosa. Siku tisa haijavuka hata herufi moja!"

Bwana Tayari akaweka penseli chini. "Punguza sauti. Zililia mfululizo, ningefanyaje? Nilidhani ni kelele za kuhama tu. Zitatulia."

"Mtoto akilia unamziba pua?"

"Basi rekebisha. Wewe si ndiye fundi?"

Alitoka akaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka.

Alikaa chini kutafuta. Mtandao ni mzima. Nafasi kwenye diski ipo. Akazianzisha nakala upya, zikakataa zote arobaini kwa neno moja: msimamizi haonekani. Lakini msimamizi yupo, anamwona kwa macho yake, amehamia jengo jipya na kupewa anwani mpya. Na jina lake halikubadilika. Mjumbe akiita jina, ataelekezwa anwani mpya. Sasa kwa nini hamwoni?

Akafungua mipangilio ya mjumbe. Mahali pa jina pameandikwa namba. Anwani ya zamani, tarakimu kwa tarakimu.

Aliyeziandika ni yeye.

Ilikuwa miaka minne nyuma. Siku ile huduma ya majina, ile inayogeuza jina kuwa anwani, ilikuwa imelala, wakubwa wanamsimamia kichwani, akaandika namba ili kazi iende. Akajiambia kesho atarudi aweke jina. Hakurudi. Na kwa miaka minne hakuna aliyejua, kwa kuwa msimamizi hakuwahi kuhama.

"Mjinga mkubwa wewe," akajiambia, kwa sauti.

Akaweka jina. Mjumbe akamfikia msimamizi, lakini akamkataa, maana cheti cha msimamizi, kitambulisho chake, ni kipya na mjumbe anakijua cha zamani. Bi Waya akamkubalisha cheti kipya, upande huu na upande ule. Nakala moja ikaanza kutembea. Ya pili. Kufika Alhamisi saa tatu asubuhi thelathini na tisa zilikuwa zimekamilika.

Iliyobaki ni moja, kubwa kuliko zote: rekodi za wagonjwa. Baada ya kusimama siku tisa mjumbe hakuamini tena alipofikia, akaanza kulinganisha diski yote kutoka mwanzo. Muda uliobaki, kioo kilisema, saa kumi na nne.

Zimebaki saa saba tu chumba kizimwe.

Sista wa wodi ya wazazi akachungulia mlangoni. "Bi Waya, leo mnahama. Watoto wangu wamo?"

"Wangapi wamezaliwa siku hizi tisa?"

"Sitini na mmoja. Na mama mmoja ana damu ya shida, imeandikwa humo humo. Mbona unaniangalia hivyo? Usinitie kichaa."

"Nenda kazini, Sista. Hawapotei."

"Sema wallahi."

"Toka nifanye kazi!"

Sista akaondoka anacheka kidogo. Bi Waya hakucheka.

Saa sita Bwana Tayari alileta fomu ya makabidhiano. Ina mstari mmoja tu wa fundi: nakala zote zimethibitishwa. Bila sahihi ya fundi, umeme haukatwi.

"Weka sahihi."

"Moja bado. Ahirisha mpaka kesho."

"Nikaseme nini kwa daktari mkuu? Atauliza sababu." Akainama, akashusha sauti kama anabembeleza. "Nimeona mipangilio, dada. Namba zile ni zako. Ukinitaja, nakutaja. Weka sahihi, tuzime, hizo siku tisa wauguzi wataziandika upya. Nani atajua?"

Alisikia masikio yanawaka. Zaidi ya yote alichukia kwamba huyu mtu alikuwa amesema kweli, namba zilikuwa zake.

Akavuta fomu. Ule mstari akaukata kwa kalamu. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: *Nakala zilikwama siku tisa kwa sababu mimi niliandika namba badala ya jina. Haikujulikana kwa sababu mkuu wa idara alizima kengele. Rekodi za wagonjwa hazijakamilika. Msizime.* Akaweka sahihi, na saa.

"Umejichongea," Bwana Tayari akasema.

"Nipishe."

Alipanda ngazi mwenyewe. Daktari mkuu aliisoma amesimama, mara mbili.

"Huyu aliyeandika namba ni wewe?"

"Ni mimi, Daktari."

"Na hukumwambia mtu?"

"Sikukumbuka mpaka jana."

Daktari akaweka fomu mezani. Kisha akainua simu, akaahirisha mpaka Ijumaa. Akamwita karani, akaamuru barua mbili za onyo, moja ya mkuu wa idara, moja ya fundi.

"Una neno?"

Alikuwa nayo mengi. Mama yake hajakauka kaburini, na barua ya kwanza ya onyo maishani ndiyo hii.

"Ya kwangu niletewe chumba cha zamani," akasema. "Nina kazi huko."

Barua ilipoletwa aliisomea huko huko, kiti akiwa amekipandisha. Akaikunja, akaiweka mezani, akaziwasha tena zile kengele moja moja. Moja, ya nakala isiyokamilika, ikalia papo hapo, kali, ya kukera. Akaiacha ilie. Rekodi za wagonjwa zilikuwa zimefika asilimia thelathini na nane.